Damu isiyokoma baada ya kung'oa jino: sababu zake na hatua za kuchukua

Jino bovu likishang'olewa, wengi wetu huona shida imekwisha. Maumivu ya wiki nzima yamepoa, mtu anarudi nyumbani na shashi mdomoni, anajilaza. Usiku wa manane anaamka, mto umelowa, kinywa kimejaa damu, na kila akitema kinajaa tena.

Kwa mkazi wa Mombasa au Malindi, hilo ni la kupanda tuktuk na kwenda hospitali. Kwa mkazi wa Bute, kule Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, hesabu ni nyingine. Mji wa Wajir, penye hospitali ya rufaa ya kaunti, uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na mvua ikinyesha safari huwa ya kubahatisha. Garissa iko mbali zaidi, na Nairobi mbali kupita zote. Mwenyeji wa huko, na mwenyeji wa kijiji chochote cha Tana River au Lamu kilicho mbali na daktari, anahitaji kujua mambo mawili mapema: damu ipi ni ya kawaida, na damu ipi inasema kuna jambo jingine mwilini.

Makala haya yanaeleza yote mawili. Hayachukui nafasi ya daktari, ila yatakusaidia kumfikia kwa wakati na kumwambia yale anayotaka kuyajua.

Damu ya kawaida ni ipi?

Kung'oa jino ni kuacha jeraha wazi ndani ya mfupa wa taya. Ni lazima litoke damu. Kwa mtu mwenye afya, akiuma shashi kwa nguvu kwa dakika 20 hadi 30, damu hupungua na shimo hujaa donge jekundu lililoganda. Baada ya hapo mate yanaweza kuwa na rangi ya waridi kwa saa 12 hadi 24. Hilo lisikutie hofu. Tone moja la damu likichanganyika na mate huonekana kama kikombe kizima.

Damu isiyo ya kawaida ni ile inayojaza kinywa upya kila baada ya muda mfupi, inayoendelea kutiririka hata baada ya kuuma shashi ipasavyo mara mbili, au inayofanya donge laini na kubwa, jekundu iliyoiva kama kipande cha ini, linalojitokeza nje ya shimo huku damu ikipita chini yake. Donge hilo watu huogopa kuligusa wakidhani ndilo linalozuia. Kwa kweli halizuii kitu, maana halijashika mahali pake.

Mwili huizuiaje damu?

Kazi hiyo hufanyika kwa hatua tatu. Kwanza, mshipa uliokatika hujibana. Pili, chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hukimbilia penye tundu na kushikana, zikafanya kizibo cha muda. Tatu, protini kadhaa zilizomo kwenye damu, ambazo nyingi hutengenezwa na ini, huamshana moja baada ya nyingine mpaka zifume nyuzi za kukaza kile kizibo. Protini hizi madaktari huziita visababishi vya kuganda na huzipa namba: cha nane, cha tisa na kadhalika.

Hatua moja ikikosekana, damu haikomi. Kinywa nacho kina shida yake: mate yana vimeng'enya vinavyoyeyusha donge, ulimi haukai kutulia, na chakula hupita hapo hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka 20 na kasoro ndogo ya damu bila kujua, akaja kuigundua siku ya kung'oa jino la kwanza.

Saa damu ilipoanza ina maana yake

Ukifika kwa mhudumu atakuuliza damu ilianza lini. Jibu lako linampa mwanga.

Ikiwa haikukoma tangu jino litoke, huenda ufizi umechanika, mfupa umevunjika, mshipa umekatika, au damu yenyewe haigandi.

Ikiwa ilikoma kisha ikaanza saa mbili au tatu baadaye, au usiku ule ule, mara nyingi sababu ni ganzi. Dawa nyingi za ganzi huchanganywa na adrenalini, inayobana mishipa. Ganzi ikiisha, mishipa hufunguka. Presha iliyopanda, chai ya moto, kusukutua, au kazi nzito huleta hali hiyo hiyo.

Ikiwa ilianza baada ya siku kadhaa, hasa kati ya siku ya saba na ya kumi, shuku maambukizi. Vijidudu vimelila donge kabla jeraha halijapona. Mara nyingi kuna harufu mbaya, uvimbe au homa.

Sababu zilizomo kinywani

Hizi ndizo nyingi kuliko zote, na ndizo rahisi kutibu. Ufizi uliochanika bila kushonwa. Kipande cha mzizi kilichobaki ndani. Nyama laini iliyoota kwa sababu ya usaha wa muda mrefu ambayo haikusafishwa. Mshipa mdogo ndani ya mfupa.

Nadra sana, jino linalolegea lenyewe huwa limekaa juu ya fungu la mishipa isiyo ya kawaida au uvimbe wa taya. Jino kama hilo likitolewa, damu hutoka kwa kishindo. Basi ukiona jino moja linacheza bila kuoza, ufizi unapigapiga kama mshipa, au unatoka damu wenyewe mahali pamoja, usiling'oe kijijini. Linahitaji kupigwa picha ya eksirei kwanza.

Na sababu nyingine ni sisi wenyewe. Mtu anatoka kung'oa jino saa nane, saa kumi yuko kwenye mkeka na wenzake akitafuna miraa. Miraa ina madhara mara mbili hapa: kutafuna hung'oa donge, na majani yenyewe hupandisha presha na mapigo ya moyo. Sigara na ugoro navyo hudhuru jeraha, na kule kufyonza moshi au kutema kila mara huvuta donge litoke.

Dawa tulizozizoea

Mwenye jino linalouma humeza chochote kilichopo dukani. Aspirini huzifanya chembe sahani zishindwe kushikana, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku saba hadi kumi, athari ya kidonge kimoja huendelea siku kadhaa. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac hufanya jambo hilo kwa muda mfupi zaidi. Mtu aliyemeza aspirini siku tatu mfululizo kabla ya kung'oa asishangae damu ikichelewa kukoma. Kwa maumivu ya jino, hasa kabla na baada ya kung'oa, paracetamol ni salama zaidi kwa upande wa damu.

Wako pia wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu kwa amri ya daktari: warfarin, clopidogrel, rivaroxaban na nyinginezo. Hawa ni wagonjwa wa moyo, waliowahi kupata kiharusi, au waliowahi kuganda damu mguuni. Hapa kuna kosa la hatari. Mgonjwa anaambiwa na jirani aache dawa wiki nzima ili ang'oe jino, naye anaacha. Jino linatoka bila damu nyingi, lakini kiharusi kinampata. Mara nyingi jino moja au mawili huweza kung'olewa bila kuacha dawa, mradi kipimo cha damu kiwe ndani ya kiwango na shimo lishonwe na kutiwa dawa. Uamuzi huo ni wa daktari wake.

Magonjwa ya mwili

Ini lililoharibika. Kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha, mwenye homa ya ini ya aina B au C ya muda mrefu, au ini lililokauka, hutoka damu kwa urahisi. Macho ya manjano, tumbo kujaa maji na mkojo wa rangi ya chai ni dalili za kutaja.

Figo zilizofeli. Chembe sahani huwapo lakini hazifanyi kazi vyema.

Kalaazar. Huu ni ugonjwa ambao mkazi wa Kaskazini Mashariki asiusahau. Huenezwa na visubi, ambao katika maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya hujificha kwenye vichuguu vya mchwa. Mwaka 2000 na 2001 ulizuka Wajir na Mandera na pande za jirani za Somalia na Ethiopia. Mgonjwa huwa na homa ya wiki kadhaa, hukonda, na bandama huvimba mpaka tumbo la kushoto linakuwa gumu. Bandama hiyo humeza chembe za damu, sahani zikiwemo, na fizi na pua huanza kutoka damu. Mtoto wa hivyo akipelekwa kung'oa jino kwa kuwa ufizi unatoka damu, tatizo limeguswa mkia, kichwa kikaachwa. Kuna kipimo cha haraka cha damu, na kalaazar hutibika. Isipotibiwa, karibu kila mara huua.

Homa za mbu na mifugo. Homa ya dengi ilizuka Mandera mwaka 2011, Mombasa mwaka 2013, na imerudi pwani na kaskazini baada ya hapo. Hupunguza chembe sahani, na ndiyo sababu mwenye homa hiyo hukatazwa aspirini na ibuprofen. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Kenya mwaka 1931, ilipiga Garissa na maeneo ya jirani mwaka 1997 na 1998, ikarudi mwaka 2006 na 2007. Hufuata mvua kubwa, mifugo huharibu mimba, na baadhi ya watu huugua ini na kutoka damu. Sheria rahisi ni hii: usimng'oe jino mtu mwenye homa kali isiyojulikana chanzo.

Sumu ya nyoka. Nyoka wadogo wa jamii ya bafe wanaoishi kwenye mchanga wa kaskazini wana sumu inayomaliza protini za kugandisha. Mara nyingi fizi ndizo huanza kuchuruzika, wala hakuna jino lililoguswa. Mchungaji aliyehisi kitu kimemchoma mguuni gizani, kisha fizi zikaanza damu, apelekwe hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka mara moja.

Saratani ya damu na upungufu wa uboho. Rangi kufifia, uchovu, homa zinazorudi, madoadoa mekundu kwenye ngozi na fizi kuvimba ni dalili za kupima damu kabla ya kugusa jino lolote.

Magonjwa ya kurithi

Hapa ndipo penye vifo ambavyo familia hueleza kwa jicho baya au majini, kumbe ni damu.

Jambo lenyewe si geni. Tabibu mkubwa wa Kiislamu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kuhusu kijiji ambacho wanaume wake wakipata jeraha walitoka damu mpaka kufa, na akamtaja mvulana aliyesugua ufizi wake kwa mkono, damu ikatoka hadi akafa. Leo tunaamini alikuwa anaieleza hemofilia.

Hemofilia ni kukosa kisababishi cha nane, ambayo ni aina A, au cha tisa, ambayo ni aina B. Aina A humpata takriban mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, katika mataifa yote. Aina B ni nadra zaidi. Kasoro hubebwa na mama, mara nyingi bila yeye kuugua sana, na kila mtoto wake wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na ugonjwa. Baba mwenye hemofilia hawapi wanawe wa kiume, lakini mabinti zake wote huibeba. Katika familia karibu moja kwa kila tatu, hakuna aliyewahi kuugua kabla. Kasoro imeanza na mtoto huyo.

Kwetu, mahali ambapo wavulana hutahiriwa, hemofilia kali mara nyingi hujionyesha kwa kisu cha tohara. Ile isiyo kali hupita, ikangoja jino. Kwa hiyo kisa cha "alitoka damu siku tatu alipotahiriwa" si kumbukumbu ya kupita tu. Ni maelezo ya ugonjwa, na ampelekeaye mtoto kung'olewa jino anapaswa kuyasema. Dalili nyingine ni magoti au viwiko vinavyovimba bila kuanguka kwa maana, na michubuko mikubwa kwa mguso mdogo.

Ugonjwa wa von Willebrand ndio wa kurithi ulioenea zaidi, nao huwapata wanaume na wanawake sawa. Umeitwa kwa jina la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliyeueleza mwaka 1926 baada ya kuchunguza familia ya visiwa vya Åland. Wengi wana aina nyepesi: pua kutoka damu mara kwa mara, hedhi nzito inayozidi siku saba, damu nyingi baada ya kujifungua, na damu ndefu baada ya kung'oa jino. Mwanamke hodari amezoea kuona hedhi yake nzito ni ya kawaida kwa kuwa mama na dada zake wako vivyo hivyo. Huenda si kawaida, huenda ni urithi.

Je, ndoa za binamu zinahusika? Hemofilia A na B hazitegemei ndoa hizo. Lakini zipo kasoro nadra za damu, pamoja na aina kali ya von Willebrand, ambazo huhitaji mtoto arithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Hizo huonekana zaidi pale ambapo wazazi ni jamaa wa karibu. Hatulisemi hili ili kuvunja ndoa ya mtu. Tunalisema ili familia ambayo imezika watoto wawili kwa damu iombe vipimo kabla ya wa tatu kuguswa na chuma.

Nchini Kenya, wagonjwa wa hemofilia huhudumiwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, miongoni mwa vituo vingine. Aliyeko Wajir anaweza kuandikiwa rufaa. Tarehe 17 Aprili kila mwaka ni Siku ya Hemofilia Duniani.

Meno ya watoto wachanga: ilko dacowo

Katika jamii za Kisomali kuna desturi iitwayo ilko dacowo, yaani meno ya mbweha. Mtoto akiharisha na kuwa na homa, hutazamwa fizi. Ukionekana uvimbe mweupe mahali pa chonge, husemwa hayo ndiyo yanayomuua, na hufukuliwa kwa kisu, msumari au waya uliopashwa moto. Wasomali hawako peke yao. Uganda huitwa ebiino, na Tanzania watu husema meno ya plastiki au ya nailoni.

Kinachofukuliwa si mdudu wala jino la sumu. Ni kichipukizi cha jino la kawaida la mtoto. Kuharisha kuna sababu nyingine, nayo hutibiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya hospitali, zinki na kunyonya.

Hatari ya damu hapa ni kubwa kwa hesabu ya wazi. Mtoto wa kilo sita ana damu isiyotimia nusu lita mwilini, yaani chini ya chupa moja ndogo ya maji. Kiasi ambacho mtu mzima angekitema bila kusikia kizunguzungu kinaweza kumwua. Tena watoto wachanga huzaliwa na vitamini K kidogo, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza protini za kugandisha. Wanaozaliwa hospitalini hudungwa sindano ya vitamini hiyo siku ya kwanza; wanaozaliwa nyumbani mara nyingi huikosa. Mtoto wa aina hiyo, aliyekwisha kudhoofika kwa kuharisha, ndiye anayefukuliwa fizi kwa chuma kichafu. Akina mama na nyanya wanaofanya hivyo humtakia mtoto heri. Basi waambiwe kwa heshima, na wapewe njia bora mkononi.

La kufanya damu isipokoma

1. Keti wima, kichwa kiinuke. Usilale chali. Usimeze damu, maana hutapisha.

2. Futa kinywa kwa kitambaa safi. Kama kuna donge laini lililojitokeza nje ya shimo, lifute liondoke ili uone damu inatoka wapi.

3. Kunja shashi, au kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji safi, kiwe kinene na kidogo kiasi cha kukaa juu ya shimo lenyewe. Kosa la wengi ni kuweka pamba kubwa inayokaa juu ya meno ya jirani, shimo lisibanwe.

4. Uma kwa nguvu dakika 30 kamili kwa saa. Usifungue kila dakika kutazama. Mtoto au mzee asiye na meno ya kuuma, abanwe kwa kidole cha mtu mwenye mikono safi.

5. Ikiwa bado, rudia mara moja tena. Mfuko wa majani ya chai ulioloweshwa na kupozwa unaweza kutumika badala ya shashi, kwani tanini iliyomo husaidia kubana.

6. Baada ya kukoma, kwa saa 24: usisukutue, usiteme, usivute kinywaji kwa mrija, usitafune miraa, usivute sigara, usinyanyue mizigo. Kula vya laini na vilivyopoa. Maziwa ya ngamia yaliyopoa ni mazuri. Shaah ya moto ingoje kesho. Kwa wanaotawadha, tia maji kinywani polepole na uyaache yatoke yenyewe, na ukiwa na swali kuhusu swala au saumu yako, mwulize sheikh.

7. Usitie majivu, kahawa, dawa ya meno, kinyesi cha mnyama wala mafuta ya taa kwenye shimo. Huleta maambukizi, pepopunda ikiwemo.

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa damu haijakoma baada ya kubana mara mbili. Ikiwa mgonjwa ni mtoto mdogo, mjamzito, au anatumia dawa za kupunguza kuganda. Ikiwa anaona kizunguzungu, jasho baridi au mapigo ya kasi. Ikiwa shingo au chini ya ulimi kunavimba au anapumua kwa shida. Au ikiwa kuna mtu wa ukoo aliyewahi kutoka damu namna hiyo. Njiani aendelee kuuma shashi. Mchukue ndugu mmoja au wawili wenye afya waende naye, kwani huenda wakahitajika kuchangia damu.

Hospitalini kuna nini?

Mengi hayahitaji hospitali kubwa. Mhudumu atatia ganzi, asafishe shimo, aone panapotoka, ashone nyuzi mbili na aweke sifongo maalumu inayoyeyuka yenyewe. Ipo dawa iitwayo tranexamic acid, inayozuia donge lisiyeyushwe. Ni ileile wanayopewa wanawake wanaotoka damu baada ya kujifungua, kwa hiyo mara nyingi hupatikana hata pasipo na daktari wa meno. Huweza kulowekwa kwenye shashi au kutumika kama maji ya kinywa. Mhudumu wa kituo kidogo akiikumbuka, anaweza kuokoa safari.

Vipimo vya msingi ni vitatu: hesabu ya damu pamoja na chembe sahani, ambazo kwa kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita, na vipimo viwili vya muda wa kuganda. Pasipo na mashine, kuna njia ya kale inayotumika sana kwa walioumwa na nyoka: damu kidogo huwekwa kwenye chupa safi kavu ya kioo, haiguswi kwa dakika 20, kisha huinamishwa. Ikimwagika kama maji, damu haigandi, na mgonjwa apelekwe mbele upesi.

Mwenye hemofilia hupewa kisababishi anachokikosa, au isipopatikana, sehemu ya maji ya damu iliyogandishwa. Mwenye upungufu wa vitamini K hudungwa sindano yake. Sindano za kwenye msuli na ganzi ya ndani nyuma ya taya huepukwa kwa mwenye hemofilia mpaka apewe kinga, kwani damu inaweza kuvujia shingoni na kuziba pumzi.

Maswali matano kabla ya kung'oa

Mng'oaji mwema hakunji mikono ya shati kabla ya kuuliza. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Je, umewahi kutoka damu muda mrefu baada ya kung'oa jino, tohara, kujikata au kujifungua? Je, kuna jamaa yako aliyepatwa na hayo, hasa mjomba upande wa mama? Unatumia dawa gani, pamoja na za mitishamba na za dukani? Je, una presha, ugonjwa wa ini, figo au moyo? Je, umekuwa na homa, kukonda, au madoa ya ngozi hivi karibuni?

Jibu la "ndiyo" halimaanishi hutang'olewa jino. Linamaanisha ling'olewe asubuhi, siku ya kazi, mahali penye uzi, shashi na dawa, jino moja kwa mara moja, na ukae karibu na kituo usiku huo. Ukitoka kwenye malisho ya Gurar, Korondille au Danaba kwenda Bute kung'oa jino, lala mjini kwa jamaa siku hiyo. Usipande gari la jioni kurudi porini na shimo bichi mdomoni.

Na anayeng'oa awe mtu aliyesomea: daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa aliyesajiliwa. Fundi wa sokoni mwenye koleo anaweza kulitoa jino, hilo hatubishi. Damu ikikataa kukoma, hana uzi wala dawa ya kuizuia.

Ukiwa na mtoto wa kiume aliyetoka damu sana alipotahiriwa, usingoje jino liume. Mpeleke apimwe akiwa mzima. Pakiwa na ugonjwa, aandikiwe kadi, nayo itembee naye popote aendapo. Jirani na mwalimu wa madrasa wajue pia, wasije wakasema ni jini siku damu itakapotoka.